Kilti Huchaguliwa kwa Mbali

Saa tatu asubuhi, mvua nyembamba inanyesha mjini Dunoon, na Elspeth Gilfillan, fundi wa kushona kilti, anamfukuza mteja dukani mwake.

"Toka, mama. Nenda kasimame kule ukutani, mwisho wa ua. Ukibaki hapa utachagua kwa pua."

"Mvua hii?" anauliza Netta Carswell.

"Jaji wa mashindano naye hukaa mbali, tena hunyeshewa."

Bi Netta amemleta mjukuu wake, Morven, msichana wa miaka kumi na tatu aliyerefuka mpaka kilti yake ya zamani, ile sketi ya marinda ya Waskoti, ikampanda juu ya magoti. Mwisho wa Agosti atacheza ngoma za Kiskoti kwenye mashindano ya hapa nyumbani. Mwaka jana hakushika nafasi yoyote, na amesema akikosa tena anaacha.

Bibi ndiye mlipaji, naye ameshaamua: kijani kiza, tartani, kitambaa cha mirabaraba, aliyoivaa marehemu mumewe kanisani. Morven anataka manjano yenye weupe mwingi. Tangu kwenye basi hawasemezani.

Elspeth, mwenye umri wa miaka 58, haamui ugomvi wa aina hiyo mezani.

"Mezani kila kitambaa ni bwana harusi," anasema. "Kikunje marinda ndipo ujue umeolewa na nani."

Ndivyo ilivyo. Tartani ikikunjwa, mistari mingine huzama ndani na mingine hujitokeza. Nyekundu ya mezani huweza kufika jukwaani ikiwa rangi ya nyama ya kopo. Na ikishakatwa, haina kurudi. Kilti moja humla karibu wiki nzima ya kushona kwa mkono, na akitoa gharama hubakiwa na pauni mia mbili hivi.

"Watu hudhani natajirika," anasema huku akinyoosha vidole vilivyoanza kukakamaa. "Nimetajirika pini."

Anakikunja kijani, anakibana kiunoni mwa Morven, anamsukuma uani.

"Ruka, binti."

Morven anaruka, mguu unapiga hewa, unarudi nyuma ya goti.

"Vipi, mama?" Elspeth anapaza sauti.

Bi Netta anakaza macho. "Ameshaanza?"

Morven anacheka, mara ya kwanza leo. Elspeth hacheki, anabadilisha pini. Safari hii ni manjano. Msichana anaruka tena, marinda yanafunguka na kujifunga, meupe, manjano, meupe, na kila pigo la mguu linaonekana mpaka ukutani.

Bi Netta anapangusa maji yanayomtiririka kwenye kofia.

"Babu yako angesema unafanana na yai," anasema hatimaye. Kisha anamgeukia fundi. "Kata, mwanangu. Kata kabla sijabadili nia. Kijani nitajitanda mimi begani."

"Hatutakuona, Bibi," anasema Morven.

"Nyamaza, yai."

Mkasi unapita. Chai inamiminwa, skonzi zinapakwa jamu, na Elspeth anaeleza mpango wake wa Agosti. Miaka yote, siku ya mashindano humkuta nyuma ya hema, pini mdomoni, akishona mikanda iliyokatika. Mwaka huu amewaambia akina mama wa wachezaji waje na sindano zao.

"Nitakaa mbele na Bi Netta," anasema. "Kilti hutoka hapa marinda yamefungwa kwa uzi wa muda. Miaka thelathini na tisa nayafunga mimi, na wengine ndio huyaona yakifunguka jukwaani."