Pengo la Nondo Mbili

Mzee Pasi alikuwa na kibanda cha kupigia nguo pasi ng'ambo ya barabara, mkabala na duka langu la vyombo. Mali yake ilikuwa pasi ya mkaa, meza iliyotandikwa blanketi kuukuu na kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha. Mkewe alifariki zamani; alibaki na binti yake, mpishi wa shule. Shati likitoka mikononi mwake lilinyooka mpaka ukilivaa unaogopa kukaa.

Nguo za wateja wa upande wetu alizileta mwenyewe. Alizibeba kwenye viango, mkono juu ili pindo lisiguse vumbi, akapanda daraja la waenda kwa miguu lililo mwendo wa dakika kumi, akashuka na kurudi tena njia nzima hadi kwangu. Magoti yalimlia kama bawaba zilizokosa mafuta.

Barabara yetu ina njia nne, na katikati uzio wa chuma. Uzio ule ulikuwa unaniulia biashara. Mteja ananiona, namwona, tunapungiana mikono, halafu ananunua ndoo kwa jirani wa upande wake. Nikamwita fundi wa kuchomelea. Alisema mtu apite vizuri lazima zikatwe nondo tatu. Nilibishana naye bei mpaka akachoka, akakata mbili. Watu walipita kwa ubavu, lakini walipita, na mimi nikajiona mjanja kweli.

Wote walilitumia pengo, isipokuwa Mzee Pasi.

"Mzee, utamalizia uhai wako kwenye ngazi," nilikuwa nikimtania mbele ya wateja. "Hawa watoto wa juzi wanakupita!"

"Waache wanipite, Mama Vyombo. Mimi sina haraka ya kulazwa."

Alikuwa na sheria zake. Pasipo na njia ya miguu, alitembea upande ambao magari yanamjia usoni. "Sitaki kupigwa mgongoni na mtu nisiyemwona," alisema. Na pasipo na daraja, dereva akimwashia taa, hakutia mguu. "Amekukaribisha au anakufukuza? Hujui. Subiri gurudumu lisimame."

Siku mambo yalipoharibika, nilikuwa nasubiri gauni langu. Nilikuwa na miadi na bwana mmoja wa kiwanda cha plastiki, nataka anipe uwakala. Nikampigia mzee simu.

"Mzee, gauni?"

"Tayari. Ndiyo naelekea darajani."

"Daraja tena? Gari linanisubiri! Pita kwenye pengo kama watu wengine. Ukipanda daraja, baki na gauni, na kesho natafuta mpiga pasi mwenye miguu."

Waliokuwa dukani walicheka. Nikacheka nao.

Nilimwona akivuka nusu ya kwanza, anaangalia huku na huku, vizuri kabisa. Alipofika kwenye pengo akageuka ubavu. Ncha za chuma kilichokatwa zilikuwa kali, akaogopa zisichane gauni, akaliinua mbele ya uso. Akatokea upande wangu haoni kitu. Pikipiki ikamgonga.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Mwendesha pikipiki, naye amechubuka mikono yote, aliapa kwamba mzee amejirusha mbele yake. Neno hilo likaenea barabara nzima, na mimi sikulizuia.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali na machungwa na uso wa huruma. Binti yake alikuwa kando ya kitanda.

"Karibu, mama. Umekuja kumwona mwendawazimu wetu?"

"Acha, mwanangu," mzee alisema.

"Niache nini, baba? Umetuimbia daraja, daraja, tangu sijaota meno. Leo unapenya katikati ya magari kama mbuzi!" Akanigeukia. "Akili zimeanza kumtoka, mama. Akipona hatoki peke yake tena. Meza na pasi nimeshaahidi kumpa mtu."

Mzee alinitazama mara moja tu, kisha akautazama ukuta. "Nilikosea mwenyewe," alisema.

Nilijua hapo ndipo pa kusema. Mimi ninayebishania hata kifuniko cha sufuria, nikauliza kama wodi ina mbu.

Wiki ikapita. Nilijiambia kwamba kama yeye hakusema, basi hataki isemwe. Halafu akaja kijana mmoja kununua beseni, mchangamfu, akanieleza kwamba Jumamosi anaichukua meza ya yule mzee aliyejirusha, anaanza kazi pale pale. Nilimfungia beseni lake. Nikafunga na duka.

Safari hii sikubeba machungwa.

"Baba yako hajapungukiwa akili," nilimwambia binti. "Mimi ndiye niliyempigia simu. Nilimtisha, nikamcheka mbele ya watu. Na pengo lenyewe nililikatisha mimi."

Binti alimgeukia baba yake. "Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mtu mzima, na mvi hizi, nimechekwa kidogo tu nikaacha akili yangu mlangoni? Heri mniite kichaa."

Siku zote zile nilidhani ananisitiri mimi. Kumbe alikuwa na aibu yake mwenyewe, niliyomtwisha mimi, na alikuwa ameibeba kimya huku mguu ukiwa kwenye plasta.

"Meza haiondoki," binti alisema. "Na hilo pengo, umeliziba lini?"

Nikaanza kuuliza plasta itatolewa lini.

"Liko wazi?"

"Liko wazi."

"Na wateja wako wanapita?"

"Wanapita."

"Basi nenda, mama. Pole yako utaileta siku nyingine."

Kesho yake asubuhi fundi alikuwa barabarani, cheche zinaruka, nami nimesimama dukani. Watu walijaa ng'ambo. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alipaza sauti:

"Nani anatufungia njia?"

"Mimi!"

"Na nani aliyeikata?"

Nilijibu, lakini kwa sauti ndogo, na lori lilikuwa linapita. Akaweka kiganja sikioni. Wenzake wakageuka wote, hata fundi akazima mashine yake ili asikie. Nikasubiri lori lipite, nikajibu tena, safari hii kwa sauti.