Shati la Ndege wa Kijani

Jumatano ni siku ya mabulangeti. Akina mama wa parokia tunaokota vipande vya kitenge chini ya meza za mafundi wa kushona, tunaviunga, tunawapelekea watoto wachanga kwenye kituo cha uzazi huko Kasungami. Kazi nzuri. Niliipenda sana kabla mume wangu hajapooza. Siku hizi naipenda huku nimenuna.

Maana niambie: nachota maji kabla hayajakatika, nawasha jiko la makala, namwogesha, namlisha uji, nampa vidonge, watoto wa shule nao wanataka hiki na kile. Halafu anakuja bwana wa kunyoosha viungo, na akishatoka ni mimi ninayebaki kuinua ule mguu wa kuume pamoja na hasira ya mwenyewe. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine mgodini, upande wa Ruashi, mtu wa kubeba vyuma. Sasa kijiko kinamshinda, na anayelaumiwa ni uji. Nimechoka. Nasema wazi, nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Kitu kimoja tu kilimtia nguvu. Binti yetu mkubwa alipoolewa, familia nzima tulishonesha kitenge kimoja, chenye ndege wa kijani. Mume wangu alivaa shati lake siku ile moja, mwezi uliofuata akaanguka. Tangu hapo likawa linaning'inia kwenye msumari mbele ya kitanda. Alisema atalivaa Jumapili atakayoingia kanisani kwa miguu yake, na kila tulipofanya zoezi alikuwa analitazama.

Jumatano hiyo bulangeti langu lilipungukiwa kijani. Shati nilikuwa nimelifua, liko juu ya kiti, karibu na mfuko wa vipande. Nikakata mgongo wote, nikashona.

Binti yetu mdogo ndiye aliyeinua kola, kifua na mikono iliyobaki, akauliza shati la baba limefanywa nini. Baba yake alisikia. Kwetu nguo za mtu hazikatwi wala kugawiwa akiwa hai, mgonjwa ndiyo kabisa. Ndugu wanangoja mtu afe na kilio kiishe, ndipo wanagawana.

"Kumbe ulisha kunizika?" akaniuliza.

Akageukia ukuta. Nilimweleza kwamba ni uchovu, kwamba vitambaa vilichanganyika, nikaapa. Siku nane alikataa zoezi. Mama mkubwa wa kikundi chetu alinipa pole, akaniambia nipumzike, kisha akauliza kama bulangeti liko tayari. Bwana wa viungo hakuzunguka: mguu ukilala hivi wiki mbili nyingine utakakamaa, na hatatembea tena.

Nikafumua bulangeti. Siku ya tisa nilikuwa kwenye cherehani, narudishia mgongo wa shati, mume wangu aliposema kutoka kitandani, taratibu kabisa:

"Mama, wakati ulikuwa unakata, haukujua kama ni yangu?"

Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni, nilishalisema mara nyingi. Likanishinda.

"Nilijua," nikamwambia. "Niliona mufuko wa shati yako, nikakata. Nilichoka kungojea ile Jumapili."

Nilidhani atalia, au atanitukana, na ningekubali yote mawili. Alitupa shuka. Akashika ukuta kwa mkono wa kushoto, akasimama, akaja akiuburuta ule mguu, hatua ya kwanza, ya pili, jasho linamtiririka. Niliinuka nimshike, akanisukuma kwa kiwiko. Alifika mpaka kwenye cherehani, akalivuta shati kutoka chini ya sindano, mgongo wake nusu umeshonwa, uzi unaning'inia.

"Ulichoka weye," akasema. "Miye bado."

Kisha akabaki amesimama pale na shati lake kifuani, anatetemeka, hajui atarudije kitandani. Nami nikasimama kando yake, nikingoja aniambie nimshike.