Nimepewa Shamba Dundori, Lakini Mama Mkwe Wangu Hatakiwi

Naomba jina langu lisitokee, maana wanawake ninaowataja hapa wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na sita, nina wasichana wawili. Kwa sasa tunaishi kwenye hema, katika kambi ya waliofurushwa makwao hapa Nakuru. Kabla ya uchaguzi wa mwaka jana nilikuwa na nyumba ya mbao Elburgon, ng'ombe wa maziwa, na kwaya ya kina mama niliyokuwa nikiiongoza kanisani. Siku hizi hata kuimba siwezi.

Niliolewa na mtu wa kabila lingine. Mume wangu alikuwa mpole sana, alifanya kazi ya kupasua mbao, na mama yake alinipokea kama binti wa tumbo lake. Mti ulimwangukia mume wangu msituni, akafa. Ndugu zake walipotaka nirudi kwetu, mama mkwe aliwaambia, "Huyu ni mtoto wangu. Mwenye neno aniletee mimi." Hakuna aliyethubutu.

Vita vilipoanza baada ya kura, vijana walikuja nyumbani asubuhi. Wengine nilikuwa nimewafundisha nyimbo wakiwa wadogo. Mama alitusukuma stoo, mimi na watoto, akatufunika na magunia ya viazi. Nikawa nasikia kila neno.

"Kogo, yuko wapi yule mama?" Kogo ndiyo nyanya, kwa lugha yao.

"Aliondoka jana na lori."

"Usitudanganye."

"Basi ingieni mtafute. Mkimaliza, mnizike hapo kando ya kaburi la mwanangu."

Wakaondoka. Lakini mtu alituona tukitoka stoo, habari ikawafikia, na siku iliyofuata jirani alitubeba kwa pikapu yake hadi kituo cha polisi, sote wanne. Tukiwa barabarani tuliona moshi. Mama hakugeuka. Ile nyumba ilichomwa na watu wa kabila lake mwenyewe, kwa sababu yangu. Mpaka leo kwao wanamwita msaliti.

Nilidhani kambini tutapumzika. Mama alipofungua mdomo kuomba maji, lafudhi yake ikamtambulisha, na mwanamke mmoja aliyeuliwa mtoto akaanza kupiga nduru. Watu wakajaa. Ilibidi pasta mmoja amchukue, akampa chumba nyuma ya kanisa lake nje ya mji. Ndipo anapoishi hadi sasa, na mguu umemvimba. Mimi humtembelea kila Jumapili.

Sasa nifike kwenye linaloniua. Kikundi chetu cha kina mama hapa kambini kimesaidiwa kupata shamba Dundori, kila mmoja na kipande chake cha kujenga na kulima. Jina langu lilisomwa. Wanawake walipiga vigelegele, mwenyekiti akanikumbatia akisema, "Umeona? Mungu hakukusahau." Nililia kwa furaha. Dundori ndiko nilikozaliwa, udongo wake naujua. Watoto wangu wangelala tena chini ya mabati.

Nikauliza kama naweza kwenda na mama yangu.

"Mama yupi? Si wako alikufa?"

"Mama mkwe."

Mmoja akasema, "Huyo hapana."

Nikawaeleza jinsi alivyotuficha. Nikawakumbusha Ruthu, alivyokataa kumwacha mama mkwe wake. Mwingine akanijibu, "Hiyo ni Biblia. Hapa ni Rift Valley."

Mwenyekiti alinivuta kando. Yeye mumewe alikatwa kwa panga mbele yake. Aliniambia polepole, "Mimi simchukii. Lakini nikimsikia akiongea, namsikia yule aliyemuua mzee wangu. Utanilazimisha niamke nikisikia hiyo sauti kila siku?" Kisha akaongeza kwamba watoto hawana shida, ila ni heri waache jina la baba yao, watumie la babangu, ili wengine wasinung'unike. Binti yangu mkubwa aliposikia hivyo aliniuliza, "Kwani baba alifanya nini?"

Pasta wa hapa kambini anasema nisali, Mungu akifungua mlango hakuna wa kuufunga. Nimesali mpaka maneno yakaisha. Kama huu ni mlango wa Mungu, mbona aliyeniokoa hapiti? Na nikiukataa, hema limeanza kuvuja, mdogo anakohoa, na inasemekana kambi itafungwa. Elburgon siwezi kurudi. Mama naye hana ndugu anayemtaka.

Jumapili iliyopita nilienda nimwambie ukweli. Kumbe yule pasta aliyempa chumba alikuwa amemdokezea habari ya shamba, ila hakujua kwamba mama amekataliwa. Nilimkuta amekaa kitandani, amefunga blanketi na sufuria zake kwa kamba. Akanishika mikono. "Dundori kuna baridi kama kwetu?" akaniuliza. "Nitakuangalizia watoto ukiwa shambani. Hata na mguu huu naweza kumenya viazi." Halafu akafumba macho akasali kwa lugha yake, ambayo mimi naielewa vizuri. Alimshukuru Mungu kwa kutupatia nyumba. Aliwaombea baraka wale wanawake, mmoja mmoja, kwa majina niliyowahi kumtajia.

Nikasema amina. Ukweli niliokwenda nao nikarudi nao. Nilimwacha akitabasamu.

Lori linakuja kutuchukua Jumamosi, na Jumapili hii sijui kama nitakuwa na uso wa kwenda kwake. Ninyi mnaosema Mungu hakosei, nawasihi mnisaidie. Niende na watoto wangu, au nibaki naye tukose wote? Na nikienda, nimwambie nini yule mama?