Dalali wa Bonde la Mikuyu

Nikisimulia haya, wengi huniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikula, tena nikashiba. Na ilikuwa mchana kweupe, kwa hiyo usiniletee habari za ndoto.

Kazi yangu ni kukagua afya ya miti. Nilianzia pwani, kwenye mikoko iliyobanwa na mji, kisha nikahamishiwa huku kwetu Songwe. Safari hiyo nilitumwa kwenye bonde moja nje kidogo ya Tunduma, penye mikuyu inayotunza chemchemi. Nyumba zilishafika ukingoni. Nikisema miti imekufa, bonde linakatwa viwanja, na mtaa mzima, mama yangu mzazi akiwemo, unakosa maji. Ndiyo maana nilikwenda na mashaka yangu kichwani. Nilijua lazima atatokea mtu wa kunishawishi.

Akatokea kweli, mwanamume wa makamo, suti ya kijivu, amesimama katikati ya mikuyu.

"Dada, pole na kazi. Usijisumbue, hii yote imeshakufa."

Nikajisemea, dalali huyo. Wewe ungewaza nini? Majani yalikuwa yamepukutika, sawa, lakini mkuyu kupukutika si kufa. Kilichonikera zaidi ni viatu vyake. Mimi nilikuwa na matope hadi magotini, vyake vikavu, vinang'aa.

"Umejuaje, kaka?"

"Nauza viwanja hapa siku nyingi."

Nikamwambia mti haupimwi kwa macho. Nikatoa kisu, nikakwangua gome kidogo, ndani kijani kibichi. "Ukiona hivi, mti mzima. Ukiona kahawia, pakavu, huo umekufa hata kama umesimama."

Akapatazama pale nilipokwangua. Kisha akakunja mkono wa koti, akajikwangua kwa ukucha. Niamini, nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na wewe sasa. Ngozi ikabanduka. Damu hakuna. Ndani kahawia, pakavu, unga ukadondoka.

"Mbona mimi hivi hivi watu wananunua kwangu?" akauliza kwa upole kabisa. "Sema imekufa, dada."

Niliogopa. Lakini nikamfikiria mama na ndoo yake, nikamwambia miti iko hai na nitasema hivyo hivyo. Akanishika mkono, akanikwangua juu kidogo ya kiganja. Damu ikatoka. Aliitazama kwa kijicho ambacho sijawahi kukiona kwa mtu, akaniachia. Nilikimbia hadi barabarani bila kugeuka nyuma.

Nilisema ukweli, na mikuyu bado ipo. Mama anachota maji. Pale aliponikwangua ndipo pamekataa kupona, panabanduka vipande vipande, na daktari kule Vwawa anasema ni ngozi kavu tu, nipake mafuta.

Wewe unayetafuta kiwanja, mtu akikuambia miti ya penye maji imekufa, usimpe mkono. Mimi kila asubuhi najikwangua kidogo, nione kama damu inatoka. Juzi ilichelewa.