Vidogo Vingi, Vikubwa Vichache

Nisiambiwe na mtu kwamba kilima hakisemi. Nimechimba madini ndani ya kilima nyuma ya Msambweni, miaka ile bendera yetu ilipokuwa mpya, na nimekisikia kwa masikio yangu haya. Jiwe lilipasukapasuka mchana kutwa, ta, ta, ta, kama bisi chunguni. Hivyo vishindo vidogo hatukuvijali. Kishindo cha wastani, cha kumwaga vumbi, kilikuja mara mojamoja. Kikubwa, cha kutikisa magogo yaliyoshikilia paa, kilikuwa nadra. Kama nyumbani kwetu: matusi ya baba kila siku, kofi mara mojamoja, mpini wa jembe kwa nadra.

Vikubwa vilipozidi, tukatoa kafara. Mbuzi mweusi akachinjwa mlangoni mwa shimo, dua ikasomwa. Asubuhi yake vidogo vikakoma, watu wakashukuru kwamba kafara imepokewa. Imepokewa wapi! Nilisikia vikubwa viwili, bila kidogo hata kimoja kati yake. Baba akiacha kutukana, sisi tulikuwa tukikimbia.

Kaka yangu ndiye aliyechimba mwisho kabisa wa shimo. Nilimsihi asiingie. Akaniita mwoga mbele ya watu, akachukua taa yake. Basi nikamtwanga. Akanipasua mdomo, tukagaragara pale palipochinjwa mbuzi, hata nikapata mpini wa sururu, nikampiga nao mkono ukavunjika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mkuu ndiye asiyesikia, na kilichovunjika ni mkono. Wenzetu wakanishika, wakanitandika. Shemeji yetu, mume wa dada, akaichukua ile taa akaingia badala ya kaka.

Kilima hakikuanguka siku ile, wala kesho yake. Vishindo havikutajii saa. Nilifukuzwa kazi, nikaitwa mwendawazimu, mama akaninyima hata salamu. Kila asubuhi shemeji alipita mlangoni kwetu na ile taa, nami kwa aibu sikumgusa mtu tena.

Paa liliporomoka kaka akiwa bado na plasta. Tulifukua kwa mikono hadi kucha zikang'oka. Shemeji alitolewa hana uso. Dada alimtambua kwa kikoi. Kaka akanikaba koo kwa mkono wake mzima, akanibamiza kwenye jiwe, analia.

"Mbona yeye hukumvunja?"