Besi Nyeupe ya Kwaya ya Kinampanda

Othmani Saidi alikuwa fundi radio nyuma ya soko la Singida Mjini. Aliyemletea radio bubu aliondoka nayo ikiimba, na juu yake akapewa bure habari za bendi ya ushirika wa wakulima, ambayo Othmani aliipigia besi miaka kumi na miwili. Ushirika ulipofilisika, vyombo vilipigwa mnada na gitaa lake likaenda asikojua.

"Hata leo," alikuwa akiwaambia wateja, "nifungeni kitambaa usoni, mnipe magitaa mia. Langu nitalijua kwa kuligusa tu."

Mkewe Ziada, aliyekaangia maandazi kibarazani hapo hapo, aliyasikia hayo kila wiki na hakuwahi kubisha.

Mwaka 1992, biashara zilipofunguliwa na mitumba ikajaa hadi vichochoroni, alifika mwalimu wa kwaya kutoka Kinampanda, jina lake Agripina, amebeba kitu kirefu ndani ya gunia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Humo umebeba bunduki?"

Lilikuwa gitaa la besi, limepakwa rangi nyeupe ya mafuta, ile ya milango. Kwaya ilitaka kuliuza ili inunue kinanda cha umeme. Huko Shelui, alieleza Agripina, kuna mfanyabiashara aitwaye Laurenti anayenunua vyombo vya zamani na kuwauzia wageni Arusha. Amelitazama, akasema ni la bandia. Atatoa elfu ishirini, tena kwa kuwahurumia.

"Mfanyabiashara akikuhurumia, shika mfuko wako," alisema Othmani, akavuta stuli.

Alilipakata gitaa nusu saa nzima. Alilipima uzito, akaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akalinusa. Akakwangua rangi kidogo kwa wembe, na chini yake ikatokea nyingine, nyekundu iliyopauka. Akafungua skrubu nne akaing'oa shingo. Kwenye kitako chake palikuwa na muhuri uliofifia: jina la mwezi, na mwaka 1966.

"Hapa mwongo hafiki," alisema. "Anayeghushi hupamba panapoonekana. Hili ni la Marekani, mwalimu, na ni halisi."

Agripina alianza kutabasamu, lakini fundi alikuwa amekwisha kufungua bamba la mbele, na uso wake ukakunjamana.

"Astaghafirullah! Nani kaziunga nyaya hizi? Tazama risasi ya kulehemu ilivyomwagika kama uji! Huyu hakuwa fundi, huyu alifaa kufunga matita ya kuni. Na hiki kibati cha nini?"

Ziada alikuwa amesogea na kikombe cha chai. Aliinama, akakitazama kibati.

"Baba Radhia, si kifuniko cha kopo la maziwa ya Radhia hicho? Nilikitafuta wiki nzima mwaka ule. Nikamsingizia jirani."

Othmani alikigeuza kibati. Upande wa ndani palikuwa pamekwaruzwa kwa msumari: O.S. 1975.

Agripina aliangalia pembeni kwa adabu. Ziada hakuwa na adabu hiyo. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Ungefungwa kitambaa usoni, labda ungelijua," alisema.

"Wamelipaka rangi!" alilia Othmani. Kisha, kwa sauti ndogo: "Na wakati ule vifaa vilikuwa adimu."

Kesho yake alipanda lori na Agripina hadi Shelui. Mbele ya Laurenti aliing'oa tena shingo, akaonyesha muhuri, halafu bila kuulizwa akafungua na bamba.

"Nyaya hizi si za kiwandani. Nilizifunga mimi, tena vibaya. Punguza bei kwa hilo, usipunguze kwa lingine."

Laurenti alizoea wauzaji wanaoficha, huyu alimvuruga. Alibisha, akapiga hesabu, akatoka nje, akarudi. Mwisho alilipa laki mbili na elfu thelathini. Kabla ya kulikabidhi, Othmani aliomba alipige kidogo. Dukani palikuwa na spika, wakaunganisha. Vidole vilikuwa vimelainika, na baada ya nyimbo mbili vilivimba malengelenge, lakini hakuacha mpaka wa tatu. Makuli wa malori walisimama mlangoni wakitikisa vichwa kwa mdundo. Laurenti naye alisahau kuwa ana haraka.

Kinanda kilinunuliwa, na Jumapili ya kukizindua Othmani alialikwa Kinampanda. Alikaa benchi la nyuma na kofia yake ya vito, ile ya msikitini, akisimama kila wenzake walipokwisha kukaa. Ibada ilipomalizika alimpongeza Agripina kwa dhati, akakizunguka kinanda mara mbili, akainama kutazama mgongo wake.

"Sauti ni nzuri," alisema, mkono ukipapasa bisibisi mfukoni. "Lakini ningekifungua kidogo tu, nione ndani..."

Agripina alikikumbatia kwa mikono miwili.