Bakuli Lililokuja Jumatano

Lindsay Pobjoy hakubali kwamba ana wasiwasi. Muulize saa yoyote, atakwambia yuko sawa, huku anapiga msasa mpini wa koleo alioupiga msasa jana. Mimi nimekuwa jirani yake miaka thelathini na moja, uzio wetu ni mmoja, nami nakwambia: mtu huyu akiwa sawa kweli huwa hagusi kazi hata moja.

Miaka miwili iliyopita walimkata kipande cha pafu la kushoto kilichokuwa na saratani. Tangu hapo, kila baada ya miezi sita, lazima aende mji mkubwa, mwendo wa saa moja na nusu katikati ya mashamba ya ngano, akapigwe skani ya mapafu. Kisha anasubiri siku nne mpaka daktari wa hapa kwetu ampe majibu. Siku hizo nne ndizo zinazotumaliza sisi majirani. Safari moja alipaka rangi banda la kuku mara mbili kwa wiki ileile, mpaka kuku wakagoma kutaga.

Mei mwaka huu akaja na maputo. Kila asubuhi alipuliza puto moja kwa pumzi moja, akaliandika tarehe na kulifunga kwenye uzio wa mbele, ili alinganishe ukubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mapafu yakiharibika, maputo yatapungua. Kufikia Jumanne, siku moja baada ya skani, uzio ulikuwa na maputo tisa. Mume na mke waliokuwa safarini wakikokota karavani yao ya kulala wakasimama wakamwimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa. Lindsay aliwashukuru, maana aliona aibu kuwaeleza.

"Hili la leo dogo," aliniambia.

"Maputo hayalingani hata kiwandani, Lindsay."

"Lakini hili limetoka pakiti ileile."

"Basi acha kupuliza."

"Nikiacha nitajuaje, Dot?"

"Utajua Ijumaa saa nne, kwa daktari, kama binadamu wengine."

Jumatano alasiri alikuwa juu ya paa akitoa majani kwenye mifereji ambayo haikuwa na majani. Raelene Kitto, karani wa mapokezi pale kliniki, akafungua geti, akaweka bakuli la kuokea kwenye ngazi ya baraza, limefunikwa foili, akampungia mkono, akaenda zake bila neno.

Sasa hapa kwetu bakuli la kuokea haliji mlangoni kwa mtu ovyo. Linakuja kwa mambo matatu: mtoto amezaliwa, mtu amekufa, au mtu yuko njiani kufa. Linakuja limejaa, na chini yake pana kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, ili lisipotee. Na kulirudisha tupu ni mwiko. Kuna mwanamke alirudisha bakuli tupu mwaka nilioolewa, na hadi leo ukimtaja jina, mtu atakuuliza, "Yule wa bakuli?"

Lindsay alishuka paani, akaja jikoni kwangu bila kupiga hodi.

"Dot, nakufa."

"Nani kasema?"

"Raelene kaniletea bakuli."

Nikaacha kumenya viazi. "Raelene wa kliniki?"

"Huyohuyo. Barua za hospitali si zinapita kwake? Kashasoma."

"Labda alipika kingi kikambakia."

"Anaishi na paka mmoja. Dot, bakuli ni mtoto, msiba au hospitali." Akajishika tumbo. "Mimba sina."

"Alisemaje?"

"Hakusema kitu. Alinipungia mkono."

"Alikupungiaje?"

Akafikiri. "Polepole," akasema.

Ningecheka, ila nilikuwa nimeanza kumwamini. Nilimwambia aache upuuzi, aende akalale. Alipoondoka tu, nikatoa nyama ya kusaga kwenye friji. Mdomo wangu ulikuwa umemwambia hakuna kitu, na mikono yangu ikawasha oveni. Saa kumi na moja nilikuwa nakatiza uwanja wake na bakuli langu la nyama na viazi vya kuponda, mchana kweupe, barabara nzima inaniona. Hilo lilikuwa kosa langu, na nalikubali.

Kufikia Alhamisi saa sita mchana alikuwa na mabakuli kumi na moja, mbali na lile la Raelene. Saba yalikuwa ya nyama na viazi vya kuponda. Friza aliyoiondoa barafu na kuisafisha Jumatatu, kwa wasiwasi, sasa haikufunga. Na kila bakuli lililoingia lilimwondoa Lindsay rangi usoni. Watu walikuja wakinyata, wakisema naye kwa sauti ya kanisani. Mzee mmoja wa klabu ya gofu, ambaye kwa miaka ishirini hajawahi kumwambia Lindsay neno jema, alimshika bega akamsifu kwa uchezaji wake.

"Hapo ndipo nilipojua nimekwisha," Lindsay aliniambia.

Mchana huo akaanza kugawa mali. Kuku alinipa mimi. Mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia na kuendesha, alimpa mume wangu Kev, ambaye ameitamani tangu iliponunuliwa. Kev alikataa mara moja tu, kwa adabu, kisha akapanda kitini kuona kama panamtosha. Nilimkata jicho ambalo analikumbuka mpaka leo.

"Na kesho siendi," Lindsay akasema.

"Unaenda."

"Kufanya nini? Majibu nimeletewa nyumbani, tena yamefunikwa foili."

Alikuwa anafungua maputo kwenye uzio, moja moja, anayatoa upepo na kuyakunja vizuri mfukoni.

"Naogopa, Dot," akasema. "Ile mara ya kwanza Avis alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Alinishikia kofia."

Avis alikuwa mke wake. Ndiye aliyekuwa mzima, na ndiye aliyeanguka mwaka jana kwa moyo, asubuhi, akianika nguo. Lindsay alikuwa amejiandaa yeye ndiye atangulie, na nafikiri hajawahi kumsamehe.

"Kesho kofia nitashika mimi," nikamwambia. "Saa tatu na nusu uwe kwenye gari."

Alikuja. Nyuma yetu Kev alikuwa ameshaanza kukata nyasi. Lindsay alikaa kando yangu na bakuli la Raelene mapajani, foili yake haijaguswa.

"Hilo la nini?"

"Namrudishia. Sili chakula cha matanga yangu mwenyewe."

Kliniki ilikuwa na watu wawili tu, na wote wawili walinyamaza tulipoingia. Lindsay akaweka bakuli juu ya kaunta.

"Asante, Raelene, lakini bado sijafa."

Raelene alitazama bakuli, akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Nani kasema umekufa?"

"Wewe. Umeyasoma majibu yangu."

"Majibu yanaingia moja kwa moja kwenye kompyuta ya daktari. Mimi naona jina na saa ya miadi, basi."

"Sasa bakuli la nini?"

Shingo ya Raelene ikawa nyekundu mpaka masikioni. "Hukutazama chini yake?"

"Nani hugeuza bakuli lililojaa?"

"Tazama, Lindsay."

Maisha yake yote Lindsay alikuwa fundi wa mashine za kuvunia, na anajua kutazama kitu kwa chini. Akaliinua bakuli juu ya kichwa. Foili ikateleza, mchuzi wa samaki wa kopo ukashuka ndani ya mkono wa shati lake mpaka kwenye kiwiko. Hakulishusha. Niliinama pembeni yake nikasoma pia, herufi kubwa zilizolala upande, mwandiko wa mtu aliyekuwa na haraka siku zote: AVIS P. MARUFUKU KWENYE MASHINE YA KUOSHEA VYOMBO.

"Avis aliniletea siku mama yangu alipofariki," Raelene akasema. "Miaka sita imepita. Nimelikuta Jumatatu nikipanga kabati. Nilishikwa na aibu, nikalijaza tambi na samaki, nikaja. Nikakuona uko paani, nikasema afadhali, naliweka nakimbia."

"Ulinipungia mkono polepole."

"Nina bega bovu, Lindsay."

Lindsay alikaa kwenye kiti na bakuli mapajani, vidole vyake viko chini, pale penye plasta. Akalia, waziwazi, mbele ya watu, na mchuzi unamdondoka. Mimi nililia pia, na sikujali nani anatazama. Kisha Daktari Perera akafungua mlango akaita jina lake.

Lindsay aliingia nalo. Mimi niliingia na kofia, nikaishika kwa mikono yote miwili, na nilikuwa naogopa kuliko yeye. Daktari alitazama kompyuta yake kwa muda mrefu usio na huruma. Akasema kovu liko palepale, hakuna kipya, pafu ni safi, waonane tena Novemba. Halafu akauliza kama hiyo harufu ni ya samaki.

Kev alirudisha mashine baada ya siku mbili, na uso wa mtu aliyefiwa. Kuku niliwarudisha mwenyewe. Shida ilikuwa yale mabakuli kumi na moja, maana hakuna hata moja lililoruhusiwa kurudi tupu, na Lindsay alikuwa hajawahi kupika zaidi ya yai. Nilimfundisha kwa kupiga kelele juu ya uzio. La kwanza liliungua mpaka nikadhani ni tairi. La nne liliweza kuliwa. La kumi na moja lilirudi kwa mwenyewe mwishoni mwa Oktoba, na katika miezi yote hiyo banda la kuku halikupakwa rangi.

Novemba, siku moja kabla ya skani, aliniita uzioni. Puto moja tu lilikuwa limefungwa hapo. Mkononi alikuwa na bakuli la Avis, limejaa nyama na viazi vya kuponda, limeungua upande mmoja.

"Nani kafa?" nikamuuliza.

"Hakuna. Chukua tu."

"Ni kesho, sivyo?"

"Kesho." Alijifuta jasho. "Naogopa kama kawaida. Litazame chini kwanza."

Nikaliinua juu. Pembeni ya plasta ya Avis alikuwa amebandika nyingine mpya, kwa mwandiko wake wa kifundi: LINDSAY P. LIRUDI KABLA YA KRISMASI.

"Litarudi," nikamwambia. "Na halitarudi tupu."